Usanifu wa bakendi mtandaoni: ujifunzie wapi ukiwa Arusha au Moshi

Kabla hujafungua kozi yoyote ya bakendi, yaani upande wa seva na hifadhidata wa programu, piga hesabu ya mzigo wa mfumo unaoujenga. Chukua SACCOS ya Moshi yenye wanachama 5,000, kila mmoja akifanya miamala minne kwa mwezi: akiba, kutoa, rejesho la mkopo, hisa. Hiyo ni miamala 20,000. Igawe kwa siku 26 za kazi zenye saa nane, unapata kama 96 kwa saa. Haifiki miwili kwa dakika. Mishahara ikiingia mwisho wa mwezi, zidisha mara 20, na bado unazungumzia muamala mmoja kila sekunde mbili. Kwa mwaka ni safu 240,000. Safu moja ikila baiti 500, ni MB 120 kabla ya faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji). Hifadhidata moja ya PostgreSQL kwenye seva ya RAM GB 4 inabeba mzigo huo bila kutoka jasho.

Sasa fungua mafunzo yanayosifiwa sana mtandaoni. Mengi yanaanza na mfumo wa watumiaji milioni mia kadhaa, kwa sababu yaliandikwa kumwandaa mtu kwa usaili wa kampuni kubwa za Marekani. Si mabaya. Ila hayatakwambia kwa nini salio la mwanachama limepishana na daftari kwa shilingi 50,000, na hilo ndilo swali utakaloulizwa Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo hapa chini kila chanzo kinapimwa kwa mambo matatu: kinakupa nini cha kufanya kwa mikono, kinakula bando kiasi gani, na kama kina namna ya kukukamata unapokosea. La tatu ndilo zito kuliko yote.

Vya usaili: System Design Primer na ByteByteGo

System Design Primer ni hazina ya bure iliyoko GitHub, kazi ya Donne Martin. Ni ukurasa mmoja mrefu wa maandishi na michoro, mazoezi yaliyotatuliwa hatua kwa hatua, pamoja na kadi za Anki za kukariri. Ivute mara moja kwa `git clone --depth 1`, kisha uisome bila intaneti, hata kwenye basi la Dar. ByteByteGo ya Alex Xu inafundisha mambo yale yale kwa michoro ya rangi na video fupi. Sehemu yake ni ya bure kwenye YouTube na kwa barua pepe, kozi yenyewe ni ya kulipia.

Kwa anayeanza kabisa, michoro ya ByteByteGo inaingia kichwani haraka zaidi. Tatizo lake ni unadhifu wenyewe: mishale imenyooka, kila sanduku lipo mahali pake, na unaondoka ukidhani umeelewa. Primer ina vumbi zaidi na baadhi ya viungo vyake vimezeeka, lakini inakulazimisha kukadiria ukubwa wa data na idadi ya maombi kwa sekunde kabla ya kuchora. Tabia hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya kwanza. Ukishaipitia hiyo, kozi ya maandishi ya kulipia ya aina ya zile za Educative haitakuongezea kingi, isipokuwa usaili wako uko karibu na unataka mtu akupangie ratiba.

Jipime hivi. Ukimaliza sehemu ya kashe (nakala ya muda ya data inayosomwa haraka), funga kila kitu na uandike kwenye karatasi: hifadhidata imebadilishwa, kisha seva ikazima kabla ya kufuta nakala ya zamani iliyoko kwenye kashe. Mtumiaji anaona nini? Kwa muda gani? Nani ataligundua kosa? Ukishindwa kujibu, ulichokisoma kilikuwa picha tu. Na hakuna kimojawapo kati ya viwili hivi kitakachokuambia kuwa umeshindwa. Hapo ndipo vinapoishia.

Kama lengo lako ni kazi ya mbali ya kampuni ya nje, vitumie, lakini kwa kusimama mbele ya mwenzako na saa: dakika 45, karatasi tupu, mdomo unaongea. Kusoma kimya hakumwandai mtu kwa usaili.

Kuna pia roadmap.sh, yenye ramani ya bakendi na nyingine ya msanifu wa programu. Ni ramani tu. Itazame kujua hujasoma nini, kisha ondoka; wapo watu wanaotia alama ya tiki kwenye visanduku mwaka mzima bila kuandika mstari mmoja.

Hifadhidata, ambako pesa hupotelea

Developa wa Arusha au Moshi anayehudumia hoteli, kampuni ya utalii, hospitali au AMCOS ya kahawa atavuna zaidi hapa kuliko kwenye mada nyingine yoyote. Tazama kosa hili kwa karibu.

Akaunti ina 200,000. Karani anatoa 50,000, na sekunde ile ile taarifa ya malipo ya simu inaingiza 30,000. Programu imeandikwa kwa mtindo wa kawaida: soma salio, piga hesabu ndani ya msimbo, andika salio jipya. Wote wawili wanasoma 200,000. Karani anaandika 150,000, taarifa ya simu inafuata na kuandika 230,000. Salio sahihi lilikuwa 180,000. Ile 50,000 imeshatoka dirishani na mfumo hauna habari nayo. Kuweka `BEGIN` na `COMMIT`, amri za kufungua na kufunga muamala, hakusaidii, kwa sababu kiwango cha utenganisho (jinsi miamala inayokwenda pamoja inavyokingwa isiingiliane) ambacho PostgreSQL huanza nacho, Read Committed, hakizuii kosa la aina hii.

Dawa ni tatu. Ya kwanza, acha hesabu ifanywe na hifadhidata yenyewe:

`UPDATE akaunti SET salio = salio - 50000 WHERE id = 417 AND salio >= 50000;`

Kisha angalia idadi ya safu zilizobadilika. Ikiwa sifuri, salio halitoshi. Ya pili ni kuifunga safu kwa `SELECT ... FOR UPDATE` kabla ya kusoma. Ya tatu ni kupandisha utenganisho hadi Repeatable Read na kurudia muamala kila unapopata kosa namba 40001. Wengi wanaochagua ya tatu husahau hapo kwenye kurudia, matokeo yake karani anaona ujumbe mwekundu usioeleweka.

Chanzo cha bure kinacholieleza hili vizuri kuliko kozi nyingi za video ni mwongozo rasmi wa PostgreSQL, sura ya 13. Unashuka kama PDF na unasomeka hata TANESCO wakikata umeme, mradi betri ipo. Lugha yake ni kavu, ndiyo. Ila fungua madirisha mawili ya `psql`, programu ya kuandikia PostgreSQL amri, andika `BEGIN` kwenye yote mawili, na ufuate mifano ya sura ile kwa zamu. Dirisha la pili litaganda likisubiri kufuli la dirisha la kwanza, na utaona kwa macho yako jambo ambalo video ingelieleza kwa dakika 20.

Kwa faharasa peke yake, nenda Use The Index, Luke ya Markus Winand, inayosomwa bure mtandaoni. Ni nyembamba na inakwenda ndani. Utaelewa kwa nini faharasa ya `(tawi_id, tarehe)` inaharakisha ripoti ya tawi la Himo kwa mwezi huu, lakini haisaidii sana kwa ripoti ya matawi yote ya jana: safuwima ya kwanza ya faharasa haijatajwa kwenye swali. Ukitoka hapo rudi kwenye mfumo wako, weka `EXPLAIN ANALYZE`, inayoonyesha muda unapotelea wapi, mbele ya maswali yako matano yanayokwenda polepole, na huenda ukaghairi kununua seva kubwa.

Kozi ya 15-445 ya Andy Pavlo wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon (CMU) ni ngazi nyingine kabisa. Mihadhara iko YouTube bure, na kazi za vitendo zinakujengea sehemu za hifadhidata yenyewe, iitwayo BusTub, kwa C++: hifadhi ya kurasa kwenye kumbukumbu, faharasa ya mti wa B+, utekelezaji wa maswali, kisha udhibiti wa miamala inayokwenda pamoja. Hata asiye mwanafunzi wa CMU anaweza kuwasilisha kazi yake kwenye Gradescope na kusahihishwa na mashine. Mambo mawili ya kujua mapema. Pavlo huongea kwa kasi, washa maandishi ya chini. Na kompyuta mpakato ya RAM GB 4 itakwama wakati wa kuunda programu ukitumia viini vyote. Tumia `make -j2` na ufunge kivinjari. Usiweke majibu yako hadharani GitHub, wameomba hivyo waziwazi.

Je, unaihitaji? Kama C++ huijui, hapana, si mwaka huu. Miezi miwili ya kuhangaika na vielekezi vya kumbukumbu inamfaa anayetaka kujenga hifadhidata, au mwanafunzi wa Nelson Mandela pale Tengeru anayetafuta mada ya utafiti. Anayejenga mfumo wa kuhifadhi nafasi za safari za Serengeti atosheke na mwongozo wa PostgreSQL na Luke.

Mifumo iliyotawanyika: MIT, Kleppmann au Gossip Glomers

Hii ni mifumo inayoendeshwa na seva nyingi kwa pamoja. Hapa kuna vyanzo vitatu vizuri, vyote bure, na watu hukosea kwa kuanza na kigumu kuliko vyote.

Kozi ya MIT, iliyojulikana kama 6.824 na sasa 6.5840, ina mihadhara ya Robert Morris ya mwaka 2020 kwenye YouTube. Kila mhadhara unasimama juu ya makala moja ya kitaaluma: MapReduce ya 2004, GFS ya 2003, Raft ya 2014, Spanner ya 2012. Soma makala kwanza, bila hivyo mhadhara utakupita. Thamani yenyewe iko kwenye maabara za lugha ya Go, ambako unajenga MapReduce (kugawa kazi kubwa kwa mashine nyingi), kisha Raft (namna ya seva kumchagua kiongozi na kukubaliana), kisha ghala la data linalogawanywa kwenye seva nyingi. Majaribio ya kukusahihisha yanakuja pamoja na msimbo, hivyo unafanya yote kwenye kompyuta yako.

Maabara ya Raft ndiyo inayowatoa watu nje, na sababu zinajirudia. Makala inataja milisekunde 150 hadi 300 kama muda wa kusubiri kabla ya kuitisha uchaguzi. Maabara inakubana utume mapigo ya kiongozi yasiyozidi kumi kwa sekunde, kwa hiyo muda huo inabidi uwe mrefu zaidi, huku kiongozi mpya akitakiwa apatikane ndani ya sekunde tano. Ukinakili namba za makala kama zilivyo, chaguzi zinaweza kujirudia bila kuisha. Kosa la pili: kushikilia kufuli huku ukisubiri jibu la RPC (ombi linalotumwa kwa seva nyingine). Nodi (seva) mbili zikiulizana kwa wakati mmoja, zote zinaganda. La tatu: jibu linarudi wakati muhula (kipindi cha kiongozi mmoja) umeshabadilika na msimbo wako unalitumia hivyo hivyo, linganisha muhula wa sasa na ule uliokuwa nao ulipotuma ombi, ukitofautiana litupe jibu. La nne ni la kibinadamu. Jaribio likipita mara moja, mtu anafunga kompyuta na kwenda kula. Endesha `go test -race` mara mia. Makosa ya aina hii hujitokeza mara mbili tatu katika hizo mia, na ndizo zitakazokuamsha usiku mfumo ukiwa kazini.

Mihadhara ya Martin Kleppmann ya Cambridge ni mifupi zaidi: kozi ya mihadhara minane iliyokatwa vipande, ikiwa na kitini cha PDF cha bure. Saa za kompyuta zisizoaminika, mpangilio wa matukio, nakala za data, makubaliano kati ya nodi. Kama ungetaka kitu kimoja cha kukupa lugha ya kuongelea mambo haya, chukua kitini hiki. Hakina maabara wala mtihani wa mashine, kwa hiyo kinaelimisha zaidi ya kinavyopima.

Katikati yao wapo Gossip Glomers wa Fly.io, kampuni ya seva za kukodi, na hawa ndio wa kuanza nao. Ni changamoto sita zinazoendeshwa na chombo kiitwacho Maelstrom: kuitikia ujumbe, kutoa vitambulisho visivyojirudia, kusambaza habari kwa nodi zote, kihesabu kinachoongezeka tu, daftari la mtindo wa Kafka (jumbe zinazoandikwa kwa mfuatano na kusomwa baadaye), na miamala inayobaki hewani hata mtandao ukikatika. Programu yako inasoma JSON kutoka ingizo la kawaida na kuandika kwenye towe la kawaida. Maelstrom inaigiza mtandao mzima ndani ya kompyuta moja na kuukata inavyotaka. Sakinisha JDK, Graphviz na gnuplot, pakua Maelstrom, kisha zima data, huihitaji tena.

Changamoto ya usambazaji ndiyo tamu. Mwanzoni kila nodi inamtumia kila jirani na inafanya kazi. Halafu mtandao unakatwa katikati na ujumbe unapotea, unaongeza kurudia. Halafu unapewa nodi 25, ucheleweshaji wa milisekunde 100 kwa kila ujumbe, na masharti: jumbe chini ya 30 kwa kila operesheni, ucheleweshaji wa katikati (median) usizidi milisekunde 400, na wa juu kabisa usizidi 600. Ukimaliza hapo wanageuza kibao: jumbe zishuke chini ya 20, ila ucheleweshaji unaruhusiwa kufika sekunde moja kwa kati na mbili kwa juu. Huwezi kupita bila kubadilisha umbo la miunganisho ya nodi na kukusanya jumbe kwa mafungu. Wikendi mbili za hapo zinakufundisha biashara ya kubadilishana kasi na mzigo kuliko mwezi wa michoro. Anayejua Go akipita changamoto ya tatu, ndipo aifikirie MIT.

Mitindo ya suluhisho: Azure, microservices.io na Builders' Library

Hizi si kozi, ni kamusi, na zinasomwa pale tatizo linapotokea. Tatizo la kawaida hapa kwetu ni taarifa ya malipo ya simu kuja mara mbili: mtandao umetuma, seva yako imechelewa kujibu, mtandao ukatuma tena. Mgeni aliyelipia chumba mara moja anaonekana amelipa mara mbili.

Amazon Builders' Library ina makala mbili zinazolihusu moja kwa moja, moja ya muda wa kusubiri na kurudia maombi, nyingine ya kufanya marudio yawe salama. Ya kwanza ina hesabu ya kukumbuka: mfumo wa tabaka tano, kila tabaka likijaribu mara tatu, unaweza kuipiga hifadhidata ya chini mara 243 ya mzigo wa kawaida. Ukirudia, rudia tabaka moja tu, kwa kusubiri kunakoongezeka na kuchanganywa na bahati nasibu kidogo. Makala ya pili inakufikisha kwenye dawa ambayo kwako ni mistari miwili: weka sharti la upekee kwenye namba ya muamala ya mtandao wa simu, kisha `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`, ndani ya muamala ule ule unaoongeza salio. Safu isipoingia, salio usiliguse, jibu kwamba umepokea. Taarifa ije mara kumi, matokeo yabaki ya mara moja.

microservices.io ya Chris Richardson inafaa zaidi kwa hatua inayofuata: umeandika malipo kwenye hifadhidata, sasa utume SMS, na seva inazima katikati. Tafuta hapo mtindo wa kisanduku cha kutoka: ujumbe unaandikwa kwenye jedwali ndani ya muamala ule ule, kisha mchakato mwingine unausoma na kuutuma. Kila ukurasa unataja pia hasara za suluhisho. Tahadhari ni jina la tovuti lenyewe: mtu anasoma juma moja, kisha anaipasua programu ya watu wawili kuwa huduma tisa. Martin Fowler aliandika mwaka 2015 kwamba uanze na programu moja nzima, na kwa timu za ukubwa wa hapa ushauri huo bado umesimama.

Katalogi ya Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, ndiyo iliyopangika vizuri kuliko zote, kila mtindo ukiwa na sehemu ya lini utumike na lini usitumike. Soma sehemu hiyo kwanza. Mifano yake inakuvuta kununua huduma zao, jambo la kutegemewa.

Uchoraji na kumbukumbu za maamuzi

c4model.com ya Simon Brown inasomwa jioni moja: ngazi nne za mchoro, na mbili za kwanza ndizo utakazotumia. Ongeza muundo wa kumbukumbu ya uamuzi aliouandika Michael Nygard mwaka 2011: kichwa, hali, muktadha, uamuzi, matokeo. Ukurasa mmoja kwa kila uamuzi, ndani ya hazina ya msimbo. Anayehitaji cheti, Coursera ina mfululizo wa University of Alberta kuhusu usanifu wa programu. Unaegemea zaidi mpangilio wa msimbo kuliko seva na data. Cheti kitapendeza kwenye wasifu.

Bando, umeme na kadi

Maandishi yanashinda hapa bila ubishi. Mhadhara wa saa moja kwa ubora wa 360p unakula kama MB 300, kwa 720p unaweza kupita GB 1. Mihadhara 20 ya MIT, kila mmoja saa moja na theluthi, ni GB 8 kwa 360p. Ubaoni maandishi yanasomeka kwa 480p, chini ya hapo macho yatauma. Watu watatu au wanne wa Njiro au Soweto ya Moshi wanaosoma pamoja wapakue mara moja kwenye mtandao wa chuo au ofisi, kisha wagawane kwa flashi.

Kwa vya kulipia, hakikisha kwanza kadi yako ya benki imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Nyingi huja zikiwa zimefungwa na inabidi uombe. Kadi za mtandaoni zinazotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu hufanya kazi pia, ila jaribu kwa kiasi kidogo. Kozi za Udemy hununuliwa moja moja na hushushwa bei mara kwa mara, kwa hiyo bei kamili usiilipe, subiri. Usajili wa mwezi au mwaka hujirudia wenyewe: ukilipa leo, zima ujirudiaji leo leo, maana huduma nyingi zitakuacha uendelee kutumia hadi siku uliyolipia iishe. Coursera wana ombi la msaada wa ada kwa kozi nyingi, linalojazwa kwa Kiingereza na kusubiriwa kwa wiki mbili hivi. Liombe sasa, na wakati unasubiri vuta Maelstrom.